Kilo Tunaijua, Kilichomo Hatukijui

Januari 2025, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilifuta ruhusa ya kutumia rangi nyekundu namba 3 kwenye chakula na kuwapa watengenezaji hadi Januari 2027 kuiondoa katika pipi, keki na vinywaji vyao. Rangi hiyo ilikuwa imekatazwa nchini humo katika vipodozi tangu mwaka 1990, baada ya panya dume waliolishwa kwa wingi kupata saratani ya tezi ya shingo. Kwa miaka 35, kile kisichoruhusiwa kupakwa midomoni kiliruhusiwa kumezwa. FDA wenyewe walieleza kwamba namna panya walivyougua haitokei hivyo kwa binadamu, ila sheria yao haibagui: kikishathibitika kuleta saratani kwa mnyama, hakiruhusiwi. Hata hivyo swali la mzazi wa Chicago au Texas linabaki halali. Kwa nini mwanawe alilishwa kitu hicho bila yeye kuelezwa, na kwa nini waliokuwa wakijua walinyamaza muda wote huo?

Hasira hiyo imevuka bahari na kufika Babati kupitia simu. Video fupi za watu wanaogeuza pakiti na kusoma majina marefu ya viambato huzunguka kwenye magrupu ya familia, ya vikoba na ya kwaya, na zikifika huku kwetu hufupishwa kwa neno moja: kemikali. Cha kiwandani ni sumu, cha shambani ni salama, basi. Naiheshimu hasira yenyewe, kwa sababu mtu ana haki ya kujua anachokula. Hitimisho ndilo ninalolikataa. Ukilipima kwa yaliyotokea katika mkoa huu huu wa Manyara utaona halisimami, na likiachwa lienee litatufanya tumtafute mwizi mlango wa mbele wakati amekwisha kuingia kwa mlango wa nyuma.

Babati si mji unaokosa chakula halisi. Mahindi na mbaazi vinatoka Galapo, Bonga na vijiji vinavyouzunguka mji, mchele wa Magugu unanukia hadi kwenye masoko ya Arusha, alizeti inakamuliwa hapa hapa, samaki wanavuliwa ziwani chini ya macho ya viboko, na maziwa yanaingia mjini asubuhi kwa baiskeli na pikipiki. Kama asili ya chakula peke yake ingekuwa kinga, ukanda huu ungekuwa mfano wa taifa. Lakini mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafa kwa kula mahindi. Macho yaligeuka njano, matumbo yakavimba, wakatapika, na ini likashindwa kazi. Mahindi hayo hayakupita katika kiwanda chochote. Yalilimwa na wenyewe, yakakaushwa nyumbani, yakahifadhiwa nyumbani na kupikwa na mama wa nyumba. Kilichowaua ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu, yaani kitu cha asili kabisa. Kenya walikuwa wameonja msiba wa namna hiyo hiyo mwaka 2004, ambapo watu 317 waliugua na 125 wakapoteza maisha, wengi wao katika wilaya za mashariki za Makueni na Kitui.

Sumukuvu inastahili kukaa nayo kidogo, kwa sababu inafundisha kuhusu chakula kuliko video mia za pakiti za Marekani. Ukungu unaoizalisha unaishi kwenye udongo. Hindi likibanwa na ukame likiwa shambani, au likivunwa bichi na kuanikwa juu ya ardhi tupu, au likiingizwa kwenye gunia kabla unyevu wake haujashuka hadi kama asilimia 13.5, ukungu unapata makazi. Kuchemsha ugali hakuiondoi sumu hiyo, na hindi linaweza kuonekana zima na zuri huku limeibeba. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, WHO, linaiweka kwenye kundi la kwanza, la vitu ambavyo uhakika wa kusababisha saratani kwa binadamu umekwisha kupatikana. Kwa hiyo vifo vya 2016 ni sehemu tu iliyojitokeza hadharani. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hafi kwa wiki moja, anakuja kuuguza ini akiwa mtu mzima, na hakuna anayekumbuka kulihesabia gunia la miaka 20 iliyopita. Ndiyo maana hoja ya kwamba mababu walikula mahindi haya haya na hawakudhurika hainishawishi. Hawakuwa na mtu wa kuwapima. Tena kabla hindi halijashika nafasi yake ya leo, sehemu kubwa ya ukanda huu ilikula mtama, uwele na ulezi.

Ukisoma viwango vilivyoandikwa, sisi ni wakali kuliko hao Wamarekani tunaowaonea huruma. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu sumukuvu isiyozidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja za mahindi, wakati FDA huchukua hatua ikizidi 20. Shida yetu ni kwamba kiwango kinakutana na chakula mahali pachache sana. Machi 2021 Kenya ilisimamisha kuingiza mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakakwama mpakani, na siku chache baadaye ikaruhusu tena kwa sharti la cheti kinachoonyesha kuwa mzigo hauzidi hiyo 10. Wengi tuliliona jambo lile kama ugomvi wa kibiashara, na huenda biashara ilikuwamo. Ila tazama lilichofichua: hindi linalokwenda kuliwa Nairobi sharti lipimwe, na hindi la shamba hilo hilo linalobaki kuliwa Babati halina anayeliuliza. Wakenya nao hawakuishia kwa majirani. Novemba 2019 Shirika lao la Viwango, KEBS, lilikuwa limesimamisha chapa tano za unga wa ndani kwa kosa hilo hilo, zikiwamo zinazojulikana sana madukani.

Hofu isiyopimwa ina tabia ya kukimbilia kitu kigeni. Desemba 2016, mwaka ule ule wa msiba wetu, Afrika nzima ilikuwa ikizungumzia mchele wa plastiki. Watu walifinyanga wali viganjani na kuudundisha sakafuni mbele ya kamera. Nigeria ikakamata shehena na kuipeleka maabara, na wakala wao wa chakula na dawa, NAFDAC, ukatoa majibu: ule haukuwa plastiki, ulikuwa mchele wa kweli uliojaa vijidudu kupita kiwango kinachoruhusiwa, haufai kuliwa. Majibu hayo nayapenda kwa sababu hayakumpa ushindi mtu yeyote. Wenye hofu walikosea kuhusu plastiki, waliowacheka walikosea kuhusu usalama wa mchele, na maabara peke yake ndiyo iliyojua. Sisi hapa tuna fununu zetu pia, za mafuta ya transfoma kwenye karai la chipsi na za dawa zinazowavimbisha kuku. Nyingine huenda ni kweli. Lakini fununu haimkamati mhalifu wala haimsafishi asiye na kosa. Inamwachia kila mnunuzi wasiwasi, na kesho yake ananunua tena pale pale kwa sababu hana pa kwenda.

Pengine hakuna chakula kinachoonyesha ugumu wa jambo hili kuliko ugali wenyewe. Kwa miaka mingi wataalamu wa lishe wametuhimiza tuache sembe tule dona, na wana sababu. Mashine ya kukoboa huondoa ganda na kiini cha hindi, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi, mafuta mazuri, madini ya chuma na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Kinachobaki ni wanga mweupe, na pumba yenye virutubishi inauzwa kwa wafugaji. Lakini utafiti wa sumukuvu unaonyesha kwamba sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini, kiasi kwamba kukoboa hindi lililoathirika kunaipunguza kwa kiwango kikubwa. Basi mama anayefuata ushauri wa lishe na kusaga dona kutoka kwenye gunia lenye ukungu anaweza kuwalisha watoto wake sumu zaidi kuliko jirani yake anayekula sembe. Ushauri ni sahihi, hindi ndilo halikupimwa. Wafanyabiashara nao wana sababu yao ya kupenda sembe isiyohusiana na weupe: kiini kina mafuta, kwa hiyo dona huchacha mapema na haivumilii kukaa miezi stoo. Mtu akikwambia suala hili ni jepesi, kwamba turudi tu kwenye chakula cha asili, muulize kwanza hilo gunia limepimwa na nani.

Sasa nije upande wa kiwanda, maana sikusudii kukisafisha. Kosa kubwa la chakula cha viwandani, kwa ushahidi ninaouona, halimo sana kwenye yale majina marefu yanayowatisha watu. Limo kwenye vitu vitatu ambavyo kila jiko linavijua: sukari, chumvi na mafuta, vikiwekwa kwa kiasi ambacho mlaji hakupewa nafasi ya kukikisia. Tena hata vitu hivyo vikisawazishwa, usindikaji wenyewe una lake. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwaweka watu 20 ndani ya kituo kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa mno, wiki mbili vyakula vya kawaida, na mezani kuliwekwa kiasi kile kile cha nishati, sukari, chumvi na nyuzinyuzi, kila mtu akiruhusiwa kula mpaka aridhike. Wakiwa kwenye chakula kilichosindikwa mno, walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku na wakaongezeka karibu kilo moja. Hakuna aliyewalazimisha. Chakula kile kilikuwa laini, kinamezeka upesi, na huenda mwili ulichelewa kutambua kwamba umeshiba. Zaidi ya nusu ya nishati wanayokula Wamarekani leo inatokana na vyakula vya namna hiyo.

Sisi hatujafika huko, lakini njia tumeshaishika. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 22 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi au unene uliokithiri, na ule wa 2015 hadi 2016 ukakuta asilimia 28. Utafiti wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na asilimia 9 wana kisukari. Na katika nchi hiyo hiyo, utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Nyumba moja inaweza kuwa na mama mwenye presha na mtoto aliyedumaa, wote wakila sahani moja, kwa sababu chakula cha kujaza tumbo na chakula cha kujenga mwili ni vitu viwili. Soda nyingi huwa na gramu 10 hadi 13 za sukari kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya nusu lita inafika au kuvuka gramu 50, wakati WHO inashauri mtu mzima asizidishe takriban hizo 50 kwa siku nzima, na ikiwezekana abaki kwenye 25. Kile kidonge cha mchuzi kinachotiwa kwenye maharage, mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito wake ni chumvi, na anayekitia huwa amekwisha kutia chumvi ya kawaida. Ubuyu unaouzwa kwenye vifuko karibu na shule nao tunauona wa asili kuliko vyote, kwa kuwa mbuyu ni mti wetu. Tunda lenyewe lina unga wa rangi ya maziwa. Wekundu unaobaki kwenye ulimi wa mtoto umeongezwa, pamoja na sukari, na kifuko hakisemi ni rangi gani wala ni kiasi gani.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Ukweli wa chakula hautokani na mahali kilipotoka, shambani au kiwandani. Unatokana na kupimwa, na kipimo kumfikia mlaji kwa lugha anayoielewa. Hilo la lugha ni la kutia uchungu. Mwaka 2021 Bunge lilifanya mabadiliko ya sheria yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na mwaka huo huo UNESCO ikaitenga Julai 7 kuwa siku ya Kiswahili duniani. Mshtakiwa wa Babati sasa anaweza kuelewa shitaka lake. Lakini akitoka mahakamani akaingia dukani, pakiti nyingi zitamwambia jina na bei ya promosheni kwa Kiswahili cha kuvutia, kisha zitamweleza viambato kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kuliko punje ya ulezi, pengine kwa namba tupu kama E102 au E110. Rangi hizo mbili ni miongoni mwa sita ambazo Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2010, unataka chakula chenye nazo kibebe onyo kwamba zinaweza kuathiri utulivu na usikivu wa watoto. Mzazi wa Ulaya anasomewa onyo. Wa kwetu anaachiwa namba. Anayejua kumwandikia mteja tangazo kwa Kiswahili hawezi kudai kwamba Kiswahili kimemshinda anapofika kwenye viambato.

Pingamizi la kwanza nalijua: watu hawasomi lebo, hata zikiandikwa kwa lugha ya mama. Ni kweli kwa kiasi fulani, na mtu mwenye haraka stendi, basi la Singida likipiga honi, hatasimama kusoma. Lakini lebo haiwatishi wanunuzi peke yao, humtisha kwanza mtengenezaji. Kuanzia Januari 2006 Marekani iliamuru kila kifungashio kitaje kiasi cha mafuta ya transi, yale yanayopatikana mafuta ya maji yanapogandishwa kiwandani, na yanayoziba mishipa ya moyo kuliko mafuta mengine. Haikuyapiga marufuku wakati huo. Uamuzi wa kuyaondoa ulikuja 2015 na kuanza kutekelezwa 2018. Ilitaka tu yatajwe. Kituo cha udhibiti wa magonjwa cha nchi hiyo, CDC, kilipolinganisha damu ya watu wazima weupe ya mwaka 2000 na ya 2009, kilikuta mafuta hayo yamepungua kwa asilimia 58. Si kwamba Wamarekani wote walianza kusoma. Makampuni yalibadilisha mapishi yao yasije yakaonekana, na baadhi ya miji na majimbo ikaanza kuyakataza kwenye migahawa. Chile walikwenda mbali zaidi. Tangu Juni 2016, bidhaa yenye sukari, chumvi, mafuta mabaya au nishati kupita kipimo hubeba alama nyeusi ya pembe nane usoni, inayoonekana hata na asiyejua kusoma vizuri, na haruhusiwi mtu kuitangaza kwa watoto wala kuiuza shuleni. Ununuzi wa vinywaji vitamu ulishuka kwa karibu asilimia 24 katika awamu ya kwanza, na bidhaa zinazostahili alama hiyo zikapungua kutoka asilimia 51 hadi 44 kwa sababu watengenezaji walipunguza wenyewe.

Kinyume chake nacho kimethibitika: pale sheria inapolegea, mapishi hulegea pia. Aprili 2024 shirika la Uswisi la Public Eye, pamoja na mtandao wa IBFAN, walichapisha vipimo vya vyakula vya watoto wachanga vya Nestlé vilivyonunuliwa nchi mbalimbali. Cerelac ya ngano ya watoto wa kuanzia miezi sita haikuongezwa sukari Ujerumani wala Uingereza. Iliyouzwa Ethiopia ilikuwa na zaidi ya gramu 5 za sukari iliyoongezwa kwa mlo mmoja. Kampuni ilijibu kwamba inafuata sheria za kila nchi inakouza. Naliamini jibu hilo, na ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu maana yake ni kwamba utamu uliomo kwenye kijiko cha mtoto wa Kiafrika uliamuliwa na ukimya wa kanuni zetu. Hapo siwezi kumlaumu mgeni bila kuwageukia waliopewa dhamana nyumbani. Sheria ya mwaka 2003 ilituundia Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, na tangu Julai 2019 kazi ya chakula imehamia Shirika la Viwango, TBS. Uwezo wa kuandika sharti la Kiswahili na alama ya usoni upo. Mwaka 2011 tulidiriki kuamuru unga wa ngano na mafuta ya kula viongezwe virutubishi viwandani, na chumvi yenye madini joto tuliishaizoea kabla ya hapo. Taifa lililoweza kumwambia mwenye kiwanda aongeze nini kwenye chakula linaweza pia kumwambia ataje alichokitia.

Pingamizi zito zaidi ni la mfuko. Mtu mwenye njaa, wanasema, haulizi viambato, na kila sharti linaongeza bei. Nalichukulia kwa uzito kwa sababu ni hoja ya watu wanaojua maisha. Lakini angalieni nani analipa sasa. Mafuta ya mawese huwa na karibu nusu yake mafuta yale mazito yanayoganda, wakati ya alizeti hayo ni kama asilimia 11. Manyara ni mkoa wa alizeti, na bado kwa miaka mingi nchi imeagiza zaidi ya nusu ya mafuta yake ya kula, mengi yakiwa ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Mlaji wa kipato cha chini hupimiwa kikombe kutoka kwenye dumu lisilo na jina, bei ikiwa ndogo leo, na dawa za presha za kila mwezi zikimsubiri mbele. Mwaka 2018 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi hadi asilimia 25 na wa yaliyosafishwa hadi 35 ili kumlinda mkulima wa alizeti. Ushuru huo ukiyumba, bei ya mbegu nayo inayumba, na mkulima aliyeumia msimu mmoja anaacha zao. Nikiri pia kwamba alizeti yetu si safi kwa kuwa ni yetu: ile inayopangwa barabarani kwenye chupa angavu, juani kutwa nzima, inaharibiwa na mwanga na joto kabla haijafika jikoni, na mashine nyingi ndogo za kukamua haziongezi vitamini A ambayo kiwanda kikubwa kinalazimika kuiongeza. Inahitaji jicho lile lile. Na kuhusu gharama, Afrika Kusini iliweka ukomo wa chumvi kwenye mikate na vyakula vingine kuanzia Juni 2016. Kupunguza chumvi hakumpi mwoka mikate gharama ya kiambato kipya, ni kutia kidogo zaidi.

Wapo watakaouliza kuhusu mama wa maandazi na kijana wa chipsi, kama nao wataburuzwa na maafisa wenye mihuri. Sitaki hilo. Sharti la lebo lianze na walio na mitambo ya kuchapa lebo, yaani viwanda na waagizaji, na TBS ina ofisi ya kanda Arusha inayoweza kuwafikia. Kwa mwenye karai, kazi ni ya bwana afya wa halmashauri, na iwe kazi ya kufundisha: mafuta yaliyogeuka meusi na kutoa povu yamwagwe, kwa sababu yakirudiwa kuchemshwa mara nyingi yanazaa sumu. Haidhuru bwana afya akikuta kosa, ila akitoza faini na kuondoka bila kueleza, kijana atajifunza kumkwepa tu, hatajifunza kubadilisha mafuta.

Kwenye mahindi ndiko ningeanza, tena leo, na mfano wa kuanzia tunao. Kwa miaka mingi mkulima wa ukanda huu aliibiwa kwa lumbesa, lile gunia linaloshonewa kofia likabeba mzigo wa ziada kwa bei ile ile. Tulipigana nayo kwa sheria. Gunia lisizidi kilo 100, mizani itumike, na Wakala wa Vipimo apite kuikagua. Hakuna aliyesema mkulima maskini hahitaji mizani, au kwamba mababu waliuza kwa debe wakaishi. Mizani iliyopo kwenye mashine nyingi za kusaga leo imebandikwa stika ya ukaguzi, na mteja akihisi kupunjwa anajua pa kulalamika. Unyevu wa hindi nao unapimika: kipima unyevu ni kifaa kidogo cha kushika mkononi, na kikundi cha ushirika au kata inaweza kuwa nacho kimoja cha pamoja. Turubai la kuanikia na mfuko usiopitisha hewa vinauzwa kwenye maduka ya pembejeo. Mahindi mapya huanza kuingia mashineni kuanzia Juni, na mwenye mashine atayapokea, atayapandisha juu ya mizani ile yenye stika, na kumwambia mwenye mzigo kilo zake hadi nusu.